Daftari la usingizi: siku nane kutoka Walukuba hadi Katwe na kurudi

Safari hii ilianza kitandani. Kila usiku mama yangu akishawateremshia wajukuu chandarua husema, "Haya, laleni usingizi wa pono." Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, aliletwa Jinja, Uganda, na kazi ya reli ya baba yake, na Kiswahili cha nyumba yetu ya Walukuba ni chake. Usiku mmoja wa likizo Zamzam, binti wa kaka yangu, mwenye miaka 9, akainua kichwa: "Bibi, pono ni nani? Na analalaje?"

Bibi anamjua pono. Anajua kumpika kwa nazi na anajua mifupa yake ilivyo. Analalaje, hakujua. Ikabidi nitafute. Pono ni samaki wa miamba ya matumbawe, mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku. Usiku ukiingia, baadhi ya aina za pono hutoa ute mdomoni, ute ukatanda mpaka ukawafunika mwili mzima, nao wakalala humo ndani. Ute huo huwakinga na wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu ya samaki. Ndani yake pono hulala fofofo, hata mpiga mbizi anaweza kumfikia kwa mkono. Wavuvi waliouanzisha msemo ule walikuwa wamemtazama vizuri.

"Kumbe ana chandarua!" Zamzam akasema. Kaka yake Hamisi, mwenye miaka 12, akaenda kuchukua daftari akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: NANI ANALALAJE. Bahari hatuna, lakini nchi yetu ina wanyama wa kuwauliza. Nilikuwa na akiba kidogo, nikaomba ruhusa kwa baba yao. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa daftari la Hamisi na picha za simu yangu.

Siku ya 1, Jumamosi. Jinja hadi Kampala

Nauli ya taksi shilingi 15,000 kwa mtu mmoja. Njiani, pale Namawojjolo, wachuuzi walituzingira madirishani na mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma. Tulikula, tukafika Kampala saa 9 alasiri baada ya foleni ndefu ya Mukono ambayo sina la kuisimulia.

Jioni niliwapeleka Bat Valley, bonde la popo, si mbali na Makerere. Popo wa pale ni wale wakubwa wanaokula matunda, manyoya yao rangi ya majani makavu. Walikuwa wananing'inia mitini kama miavuli iliyofungwa. Hamisi alitaka kujua kwa nini hawadondoki wakilala. Wewe ukishika tawi, lazima misuli ikaze. Ukisinzia, vidole vinalegea unaanguka. Popo ni kinyume. Kano za miguu yake zimepangwa hivi kwamba uzito wa mwili wenyewe unavuta kucha na kuzifunga kwenye tawi. Kwa hiyo kushika hakumchoshi. Kazi kwake ni kuachia.

Na kulala kichwa chini kunamrahisishia kuruka: anaachia, anadondoka kidogo, mbawa zinashika hewa. Saa 1 kasoro waliondoka kwa makundi, anga lote likawa linapepea. Muuza roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa pembeni alipoona watoto wamebaki vinywa wazi, alizima jiko lake kwa muda ili moshi usitusumbue. Tulimnunulia roleksi tatu, 3,000 kila moja.

Siku ya 2, Jumapili. Kampala hadi Fort Portal

Kama kilomita 300, basi 40,000 kwa mtu. Watoto nao walilipiwa viti kamili, sikubishana kwa sababu njia ni ndefu na kumpakata Zamzam nisingeweza.

Mbele kidogo ya Mubende basi liliharibika. Tulikaa kando ya barabara kwa saa 3 tukisubiri kipuri. Zamzam alianza kulia kwa usingizi, ule wa mang'amung'amu, mtoto halali wala hayuko macho. Mama mmoja Mnubi wa Bombo, aliyekuwa akienda kumwona binti yake Kasese, alitusikia tukiongea Kiswahili akasogea. Alifungua mfuko wake, akatoa leso mbili mpya kabisa zenye karatasi ya dukani, akatandika moja kwenye nyasi chini ya mkaratusi. "Mlaze hapa mwanangu. Mtoto hukua akiwa amelala." Nilisita, leso zilikuwa zawadi ya mtu. Akasema, "Binti yangu ataifua."

Alichosema ni kweli. Homoni inayokuza mwili hutoka kwa wingi wakati wa usingizi mzito, na ndiyo maana watoto wa umri wa shule ya msingi wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja, zaidi ya sisi wakubwa. Hamisi aliandika maneno ya yule mama kwenye daftari na jina lake chini, kama shahidi.

Tuliingia Fort Portal saa 3 usiku.

*Kwa atakayefuata: panda basi la alfajiri. Na beba leso, hata kama wewe ni mwanamume. Ni shuka, ni kiti, ni mwavuli.*

Siku ya 3, Jumatatu. Msitu wa Kibale

Kutoka Fort Portal hadi Kanyanchu ni kama kilomita 35. Tulipanga chumba Bigodi, 60,000 pamoja na chai ya asubuhi. Kuwafuata sokwe msituni kuna kikomo cha umri, kwa hiyo watoto walibaki na mwenye nyumba, naye akawapeleka kwenye matembezi ya kinamasi cha Bigodi yanayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Niliingia msituni peke yangu nikiwa na maswali 14 kwenye karatasi.

Afande aliyetuongoza hakuanza na sokwe. Alisimama, akaelekeza kidole juu: "Kitanda." Sikuona kitu. Kisha nikaona, mita kama 12 kutoka chini, rundo la majani kwenye panda ya mti, kama kikapu kilichosahaulika. Mbele yake kingine. Kimoja majani yalikuwa bado mabichi, cha usiku uliopita. Kingine yamekauka, kahawia.

Sokwe hutengeneza kitanda karibu kila jioni, na kwa kawaida ni kipya. Anachagua mti, anakaa, anavuta tawi moja chini yake analikunja, analikanyaga kwa mguu. Anavuta la pili kutoka upande mwingine, la tatu, anayapishanisha mpaka yanashikana. Halafu anavunja vitawi vyenye majani laini na kutandika juu. Dakika chache tu amemaliza. Anajilaza na kupitisha humo usiku mzima, kama saa 12. Mtoto hulala na mama yake mpaka miaka kama 5, mdogo wake anapozaliwa, na mchana hucheza kutengeneza vitanda vidogo vibovu. Ndivyo anavyojifunza.

Nilimuuliza afande kwa nini sokwe asirudi kwenye kitanda cha jana. Akasema, "Mama, leo matunda yameiva hapa, kesho yameiva kule. Nani atabeba kitanda?" Kisha akatuonyesha chini ya kitanda kibichi: kinyesi chenye mbegu za mtini. Asubuhi sokwe akiamka, husogea ukingoni na kujisaidia kutoka juu. Kitanda chake kinabaki kisafi. Na usafi huo umepimwa: watafiti waliochunguza vitanda vya sokwe wa Bonde la Issa, Tanzania, walichapisha mwaka 2018 kwamba bakteria waliotokana na miili ya sokwe wenyewe walikuwa asilimia 3.5 tu. Kwenye vitanda vya binadamu ni kama asilimia 35.

Sokwe tuliwaona, kundi la watano, saa 5 asubuhi, mmoja amelala chali chini kabisa, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mguu juu ya goti. Nilimtazama unyayo. Ulikuwa na mikunjo kama ya mwanangu.

Niliporudi, Zamzam naye alikuwa na habari. Kinamasini waliona mbega wekundu. "Hawana kitanda, Shangazi. Wanalala wamekaa!" Ndivyo. Mbega na kima hulala wameketi kwenye tawi, na Mungu amewapa vipande vya ngozi ngumu makalioni kama mto wa kukalia. Nilipowaonyesha picha za vitanda vya sokwe, wakavua shuka zote, mito na leso yangu, wakajaribu kusuka. Hamisi alifaulu kidogo. Walilala humo, na mimi nikalala kwenye godoro tupu.

Siku ya 4, Jumanne. Bigodi hadi Katwe

Siku ya kubadilisha magari: Fort Portal, Kasese, halafu Katwe. Milima ya Rwenzori ilijificha mawinguni njia nzima. Mchana tulikula firinda (maharage yaliyomenywa na kupondwa) na karo (ugali wa wimbi), 8,000 sahani, watoto wakaomba tena.

Saa 11 jioni tulitembea hadi ziwa dogo la Munyanyange, karibu na ziwa la chumvi la Katwe. Heroe walikuwepo, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Huja hapa kwa miezi fulani ya mwaka kisha huondoka. Karibu wote walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, kichwa kimefichwa kwenye manyoya ya mgongo.

Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Marekani walichunguza mizoga ya heroe. Waligundua kwamba hata ndege aliyekufa, asiye na msuli unaofanya kazi, anaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja na asianguke. Kwa miguu miwili, anaanguka. Uzito wa mwili wenyewe huvishikilia viungo vyake mwili unapokaa sawasawa juu ya mguu mmoja. Kwake, kusimama kwa mguu mmoja ndiko kupumzika.

Zamzam akafumba macho, akainua mguu. Sekunde 11. Wachimba chumvi watatu waliokuwa wakirudi nyumbani walisimama wakajaribu naye, ndoo zao kando. Mzee wao alifika 20 na akashangiliwa.

Siku ya 5, Jumatano. Mfereji wa Kazinga

Hii ndiyo siku niliyoingoja, na ningelipa mara mbili.

Mashua iliondoka karibu na daraja la Katunguru saa 8 mchana. Mfereji unaunganisha ziwa George na ziwa Edward, na viboko wamejaa kingo zote mbili. Nahodha alizima injini mbele ya kundi la kama 20. Waliokuwa kwenye maji mafupi walilala wamelaliana, kidevu cha huyu mgongoni kwa yule. Ndama mmoja alikuwa juu ya mgongo wa mama yake kama mtoto kwenye mbeleko.

Lakini afande alituonyesha mwingine, peke yake, kwenye maji ya kina zaidi. Alizama. Hamisi akabonyeza saa ya simu. Mashua nzima ikanyamaza, hata wageni ambao hawakujua tunahesabu nini. Dakika 1. Dakika 2. Dakika 3. Kwenye dakika 3 na sekunde 40 maji yakafumuka, matundu mawili ya pua yakafunguka, pfuu, yakafungika, akashuka tena. Macho hayakufunguka.

"Ameamka?" Hamisi akanong'ona.

"Hajaamka," afande akajibu. "Mwili unajipandisha wenyewe." Kama vile wewe unavyovuta pumzi usiku bila kukumbushwa na mtu, kiboko anapandishwa juu kupumua huku amelala, kila baada ya dakika chache, mchana kutwa. Usiku hutoka majini kwenda kula majani. Jua ndilo linalomlazimu kukaa majini, kwani ngozi yake hukauka upesi.

Mamba walikuwa wamelala ukingoni vinywa wazi. Kukaa kinywa wazi si kulala, ni kupunguza joto la kichwa. Lakini mamba anaweza kupumzika jicho moja likiwa wazi. Watafiti wa Australia walieleza mwaka 2015 kwamba mamba wadogo, mtu akiwepo karibu, humwelekezea jicho lililo wazi. Ndege wanaweza zaidi: nusu ya ubongo hulala na nusu hukesha, na jicho moja hubaki wazi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapanga bata safu moja. Waliokuwa katikati mara nyingi walifumba macho yote. Wa mwishoni, ambao upande mmoja hawakuwa na mwenzao, walilala jicho moja wazi mara nyingi zaidi, nalo ni la upande wa nje. Hamisi alichora bata wanne na kuandika "askari" juu ya wale wa pembeni.

Tulipokuwa tukirudi, tembo walikuwa wakinywa. Tembo wa porini ni miongoni mwa wanyama wanaonyonyesha wanaolala kidogo zaidi kati ya wote waliowahi kupimwa. Huko Chobe, Botswana, tembo jike wawili, viongozi wa makundi yao, walipandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya mkonga, kinachofanana kazi na saa ya kuhesabu hatua. Mkonga ukitulia kwa dakika 5, wakahesabu kuwa amelala. Wastani ulikuwa saa 2 kwa siku, mara nyingi wakiwa wamesimama, na kujilaza chini ni mara moja kila siku tatu au nne. Usiku mwingine, wakikimbia hatari, hawakupata hata lepe la usingizi mpaka karibu saa 46. "Kwa nini wasilale?" Zamzam akauliza. Kwa sababu tumbo la tembo halijazwi kwa dakika chache, na kundi likiwa na watoto, kiongozi hana nafasi ya kusahau.

Usiku ule, nje ya chumba chetu Katunguru, tulisikia kitu kinang'oa majani, krr, krr, krr. Tulichungulia. Kiboko, umbali wa hatua 10, na huenda ndiye yule wa dakika 3 na sekunde 40.

*Kwa atakayefuata: usitoke nje usiku Katunguru wala Mweya, hata kwa msala. Ita mlinzi. Na ukipita msitu wa Maramagambo, pango la popo litazame ukiwa nyuma ya kioo cha banda la watazamaji tu. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia ndani ya pango lile.*

Siku ya 6, Alhamisi. Hadi Mburo

Tulikusudia Ishasha, kuwaona simba wanaopanda mikuyu na kulala matawini miguu ikining'inia. Mvua ya usiku iliharibu barabara ya vumbi, dereva akakataa, nami nikamwelewa. Watoto walikasirika mpaka Bushenyi. Mbarara tukala karo na eshabwe, mchuzi wa samli. Kandokando ya barabara ng'ombe wa Ankole walikuwa wamejilaza na pembe zao kubwa, macho nusu, wakicheua. Ng'ombe anaweza kusinzia huku anacheua, na hiyo ikaingia kwenye daftari.

Siku ya 7, Ijumaa. Ziwa Mburo

Hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na afande mwenye bunduki, na tembo hakuna. Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi, nyasi zimelowa.

Punda milia sita walikuwa wamesimama wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye mgongo wa yule. Mmoja midomo imelegea, mguu mmoja wa nyuma umeegemea ncha ya kwato. Goti la mguu wa pili lina mfupa unaonaswa mahali pake, mguu ukakazika bila nguvu, naye akasinzia wima. Lakini haoti ndoto akiwa wima. Usingizi wa ndoto hulegeza misuli yote, kwa hiyo lazima alale chini, na mwenzake abaki amesimama akiangalia.

Twiga ana shida kubwa zaidi, shingo. Twiga 15 waliletwa Mburo mwaka 2015 kutoka Murchison. Tuliona watatu, wote macho makavu. Twiga wa bustani za wanyama wamepimwa na kukutwa wanalala kama saa 4 na nusu kwa siku, vipande vipande. Akifika usingizi wa ndoto, hukunja shingo nyuma, akalaza kichwa juu ya paja lake mwenyewe, na hakai hivyo zaidi ya dakika chache. Kuinuka kwake huchukua muda, na simba hangoji.

Zamzam alitembea kimya kitambo. Halafu akamshika afande mkono: "Afande, na wewe unalala saa ngapi?" Akacheka. "Nikiwa zamu, silali. Wenzangu wanalala."

Siku ya 8, Jumamosi. Nyumbani

Mbarara, Masaka, Lukaya kwa nyama na ndizi, Kampala, Jinja. Saa 10 za njiani. Matumizi yote ya watu watatu yalikaribia 1,850,000, na zaidi ya nusu ni viingilio, mashua na magari ya kukodi. Bei za mbuga hutofautiana kwa raia na wageni na hubadilishwa mara kwa mara, ulizia kabla hujafunga safari. Beba kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Baada ya isha Zamzam alimsimulia Bibi habari za pono kwa mara ya tano, na Bibi akasema miaka yote ile amemkaanga bila kujua kwamba alikuwa na chandarua chake. Hamisi hakuwepo. Nilimkuta uani, amechuchumaa nje ya banda la kuku, daftari gotini. Hakuwasha tochi, taa ya baraza la jirani ilitosha. Kuku saba walikuwa juu ya ubao, wamebanana. Alinivuta nikachuchumaa, akanionyesha kwa kidole bila kusema neno: yule mwekundu wa mwisho, karibu na mlango. Jicho la upande wa wenzake limefumba. La upande wetu liko wazi, linatutazama.

Tulirudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka jikoni.